Kuusikia Ukimya wa Tembo: Mipangilio ya Kurudisha Rekodi Ghafi

Mwezi wa Mei mwaka 1984, mtafiti wa sauti za wanyama kutoka Marekani, Katy Payne, alikaa siku kadhaa kando ya mazizi ya tembo katika bustani ya wanyama ya Washington Park, mjini Portland, jimbo la Oregon. Kabla ya hapo alikuwa amechunguza nyimbo za nyangumi kwa miaka mingi, na sikio lake lilikuwa limezoea kazi hiyo. Safari hii, hata hivyo, jambo lililomshangaza halikupitia sikioni. Mara kwa mara alihisi hewa ikitetema mwilini mwake, mfano wa radi ya mbali isiyokuwa na mlio. Baadaye alikumbuka kwamba aliwahi kupata hisia kama hiyo alipokuwa kijana, aliposimama karibu na kinanda kikubwa cha kanisani wakati bomba lake lenye sauti nene kuliko yote lilipokuwa likipulizwa. Akajiuliza: Je, yawezekana tembo hawa wanazungumza, na sisi hatuwasikii?

Mwaka huo huo alirudi bustanini pamoja na wenzake wawili, William Langbauer na Elizabeth Marshall Thomas, wakiwa na vinasa sauti vilivyoweza kupokea sauti nene mno. Waliporudisha kanda zile kwa kasi ya kawaida, sehemu kubwa yake ilikuwa kimya. Walipozirudisha kwa kasi iliyozidi ile ya kurekodia, ukimya ule uligeuka kuwa sauti. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 1986, na tangu hapo yajulikana kwamba tembo hutoa migurumo ambayo kwa sehemu yake iko chini ya uwezo wa sikio la binadamu.

Yafaa msomaji atambue jambo moja katika kisa hiki. Kanda ilikuwa ni ile ile moja. Hakuna kilichoongezwa wala kilichopunguzwa. Kilichobadilika ni namna ya kuirudisha tu. Makala haya yanaeleza mipangilio hiyo ya kurudisha rekodi, kwa maana katika sayansi ya leo, ambapo kompyuta imechukua nafasi ya kanda, mipangilio hiyo ndiyo mara nyingi huamua kama mtafiti ataona kitu au hataona kitu.

Data ghafi ni nini?

Sauti ni mtetemo wa hewa. Idadi ya mitetemo katika sekunde moja huitwa frikwensi, na hupimwa kwa hezi. Binadamu mwenye masikio mazima husikia, kwa makadirio, tangu hezi 20 hadi hezi 20,000. Migurumo iliyorekodiwa Portland ilikuwa na sauti msingi za hezi 14 hadi 24. Ndiyo kusema kwamba sehemu ya migurumo hiyo ilikuwa chini ya mlango wa sikio letu.

Maikrofoni hugeuza mtetemo wa hewa kuwa mabadiliko ya umeme. Chombo cha kurekodi hupima umeme huo mara nyingi kila sekunde, na kila kipimo huandikwa kama namba. Kipimo kimoja huitwa sampuli. Rekodi ya sampuli 2,000 kwa sekunde itakuwa na namba 120,000 kwa kila dakika. Namba hizo, kama zilivyotoka katika chombo, kabla hazijachujwa, hazijabanwa wala hazijachorwa, ndizo data ghafi.

Hapa yapasa kutofautisha mipangilio ya aina mbili. Aina ya kwanza ni ile inayowekwa wakati wa kurekodi, yaani idadi ya sampuli kwa sekunde, kiasi cha ukuzaji wa umeme wa maikrofoni, na machujio yaliyomo katika chombo. Aina ya pili ni ile inayowekwa wakati wa kurudisha. Tofauti yake ni kubwa. Kosa la wakati wa kurudisha husahihishwa kwa kurudisha tena. Kosa la wakati wa kurekodi ni maji yaliyomwagika, na maji yakimwagika hayazoleki. Kama chujio la chombo lilikata kila sauti iliyo chini ya hezi 50, hakuna programu duniani itakayourejesha mgurumo wa hezi 15, kwa sababu haukuandikwa.

Kasi ya kurudisha

Mpangilio wa kwanza ni kasi. Tuseme mgurumo wa hezi 15 uliodumu sekunde 12 umerekodiwa kwa sampuli 2,000 kwa sekunde. Tukiiamuru kompyuta izisome namba hizo kwa kasi ya sampuli 20,000 kwa sekunde, kila kitu kitakwenda mara kumi upesi zaidi. Hezi 15 zitakuwa hezi 150, sauti inayosikika waziwazi, na sekunde 12 zitakuwa sekunde 1.2. Kwa lugha ya muziki, sauti imepanda kwa zaidi kidogo ya oktavi tatu, maana kila oktavi ni kuzidisha frikwensi kwa mbili.

Lakini kasi haichagui. Huzidisha kila kilichomo katika rekodi. Ikiwa rekodi ilikuwa na sampuli nyingi za kutosha kubeba mlio wa ndege wa hezi 3,000, mlio huo utapanda hadi hezi 30,000 na kutoweka masikioni mwetu. Tumempata tembo, tumempoteza ndege. Aidha, anayepima frikwensi kutokana na sauti iliyoharakishwa hana budi kugawanya kwa kumi kabla ya kuandika jibu lake.

Kuna hatari nyingine iliyo kimya zaidi. Faili la sauti huwa na maelezo mwanzoni yanayotaja idadi ya sampuli kwa sekunde. Maelezo hayo yakiwa na kosa, kompyuta haitalalamika. Itazisoma namba kwa kasi isiyo yake na kutoa sauti inayopendeza, mchoro unaopendeza, na frikwensi za uongo. Kwa hiyo idadi ya sampuli yapaswa kuandikwa pia katika daftari la mtafiti, mbali na faili lenyewe.

Jambo hili lahusu pia idadi ya sampuli iliyochaguliwa tangu mwanzo. Ili sauti iandikwe ipasavyo, sampuli kwa sekunde lazima zizidi mara mbili ya frikwensi ya juu kabisa iliyomo. Kwa sampuli 2,000, kikomo ni hezi 1,000. Mlio wa mdudu wa hezi 1,900 ukiruhusiwa kuingia katika chombo hicho, utaandikwa kana kwamba ni sauti ya hezi 100, yaani mzimu katikati ya makao ya sauti za tembo. Ndiyo sababu liko chujio moja ambalo ni lazima liwepo wakati wa kurekodi: lile linalozuia frikwensi zilizo juu ya kikomo kabla namba hazijaandikwa.

Chujio na ukuzaji

Mpangilio wa pili ni chujio. Upepo unaogonga maikrofoni na injini ya gari la watafiti hutoa sauti nene zinazochanganyika na migurumo. Programu ya kurudishia huweza kuondoa sehemu fulani ya frikwensi na kuacha nyingine. Programu nyingi zilitengenezwa kwa ajili ya muziki na maneno ya watu, na mafundi wa fani hizo huhesabu sauti iliyo chini ya hezi 50 au 80 kuwa uchafu. Mtu akibonyeza kitufe cha kusafisha sauti bila kujua kinafanya nini, aweza kumfuta tembo na kumwacha mbu.

Vivyo hivyo kuhusu kubana mafaili. Mbinu za kubana sauti ili faili liwe dogo zilitungwa kwa kulifuata sikio la binadamu, na hutupa kile ambacho sikio hilo halingekitambua. Kwa wimbo wa dansi hasara hiyo si kitu. Kwa mgurumo wa tembo ni hasara ya jambo lenyewe linalotafutwa.

Mpangilio wa tatu ni ukuzaji. Namba ya sampuli ya biti 16 haiwezi kuzidi 32,767 wala kupungua chini ya -32,768. Mgurumo ukikuzwa mno wakati wa kurekodi, vilele vya wimbi hugonga dari na kukatwa, na umbo lake hupotea kabisa. Wakati wa kurudisha, mtu aweza kukuza na kupunguza atakavyo, mradi asihifadhi matokeo juu ya faili la asili. Na afahamu kwamba spika ndogo ya kompyuta haiwezi kutoa hezi 15 hata ikikuzwa vipi. Anayeongeza sauti akitumaini kuusikia mgurumo kwa kasi ya kawaida ataiharibu spika bure.

Dirisha la spektrogramu

Mpangilio wa nne ndio unaowatatiza wanafunzi wengi. Watafiti hawategemei sikio peke yake. Hugeuza rekodi kuwa mchoro uitwao spektrogramu: wakati huonyeshwa kutoka kushoto kwenda kulia, frikwensi kutoka chini kwenda juu, na weusi wa wino huonyesha nguvu ya sauti. Ili kuuchora, kompyuta hukata rekodi vipande vifupi na kupima frikwensi zilizomo katika kila kipande. Kipande hicho huitwa dirisha.

Sheria ya dirisha haina huruma. Dirisha la sekunde 1 hutenganisha frikwensi zinazoachana kwa hezi 1, lakini halituambii ni lini hasa, ndani ya sekunde hiyo, sauti ilitokea. Dirisha la sekunde 0.05 hutaja wakati kwa usahihi, lakini frikwensi zinazoachana kwa chini ya hezi 20 huzichanganya pamoja. Anayepata wakati hupoteza frikwensi, na anayepata frikwensi hupoteza wakati.

Tuangalie hesabu. Programu nyingi huanza na dirisha la sampuli 512. Katika rekodi ya sampuli 2,000 kwa sekunde, dirisha hilo ni sekunde 0.256, na hutenganisha frikwensi zilizoachana kwa hezi 4 hivi. Mgurumo wa hezi 15 huwa na sauti nyingine juu yake zilizo vizidishi vyake, yaani hezi 30, 45, 60 na kuendelea. Kwa dirisha hilo zitaonekana kama mistari iliyopangwa vizuri. Sasa tuchukue rekodi ya sampuli 44,100 kwa sekunde, kiwango cha kawaida cha muziki, na dirisha lile lile la sampuli 512. Dirisha limekuwa la sekunde 0.0116 tu, na hutenganisha hezi 86. Mistari yote iliyo chini ya hezi 86 itagandamana kuwa ukungu mmoja chini ya karatasi. Mwanafunzi ataandika, "Hakuna tembo," ilhali tembo yumo.

Kutoka Portland hadi Amboseli

Swali lililofuata lilikuwa la wazi: tembo wa porini nao hufanya hivyo? Huko Amboseli, Kenya, chini ya Mlima Kilimanjaro, Cynthia Moss alikuwa amewafuatilia tembo tangu mwaka 1972, kila mmoja akijulikana kwa sura na ukoo. Huko ndiko Joyce Poole na Payne walikorekodi migurumo huku wakiandika nani alikuwa akifanya nini. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1988 yalionyesha sauti msingi za hezi 14 hadi 35, pamoja na shughuli zilizoambatana nazo: kusalimiana, kuitana, kuhimizana kuondoka.

Kisha rekodi zikarudishwa kwa namna nyingine, safari hii kwa tembo wenyewe. Katika hifadhi ya Etosha, Namibia, Langbauer na wenzake waliweka spika kubwa na kuwapigia tembo migurumo iliyorekodiwa. Tembo walio umbali wa kilometa 2 waliinua vichwa, wakatandaza masikio, na wengine wakaelekea upande wa sauti. Spika ile ilitoa nusu tu ya shinikizo la mgurumo mkubwa wa tembo halisi. Kwa kuwa shinikizo la sauti hupungua kwa nusu kila umbali unapoongezeka maradufu, watafiti walikata shauri mwaka 1991 kwamba mgurumo kamili wasikika angalau kilometa 4.

Hapo ingekuwa rahisi kuifunga hadithi na kusema: siri ya tembo iko chini ya hezi 20, basi tuchuje mengine yote. Lakini utafiti mwingine wa Amboseli, uliochapishwa na Karen McComb na wenzake mwaka 2003, ulitoa fundisho tofauti. Tembo jike waweza kumtambua mwenzao kwa wito wake hata kwenye umbali wa kilometa 2.5, ingawa mara nyingi hutambuana kwa kilometa 1 hadi 1.5. Sehemu ya wito iliyoelekea kubeba utambulisho huo haikuwa ile isiyosikika. Ilikuwa karibu na hezi 115, frikwensi ambayo hata sisi twaisikia. Mtafiti ambaye angerekodi sehemu ya chini peke yake, kwa kuvutiwa na jambo jipya, angeutupa utambulisho wenyewe. Kwa kuwa rekodi zilikuwa pana, swali jipya liliweza kuulizwa.

Akiba haiozi

Mwaka 2024, Michael Pardo na wenzake walichapisha uchunguzi wa migurumo 469 ya tembo wa Amboseli na wa Samburu, Kenya, iliyorekodiwa kati ya mwaka 1986 na 2022. Walitaka kujua kama tembo huitana kwa kitu kinachofanana na jina. Kompyuta ilifunzwa kubashiri, kutokana na umbo la mgurumo, ni tembo gani aliyekuwa akiitwa. Ilibashiri sawasawa kwa asilimia 27.5, ambapo data za kulinganishia, zisizokuwa na maana, zilitoa asilimia 8 tu. Kisha tembo 17 walipigiwa rekodi. Kwa jumla walijibu upesi zaidi na kwa nguvu zaidi waliposikia wito ulioelekezwa kwao wenyewe kuliko ulioelekezwa kwa mwingine.

Fikiri juu ya tarehe hizo. Walionasa sauti Amboseli mwaka 1986 hawakuwa na kompyuta ya kufanya hesabu hizo, wala pengine hawakuliwaza swali hilo. Walichokuwa nacho ni nidhamu ya kuhifadhi rekodi kamili na maelezo yake. Wahenga walisema akiba haiozi. Rekodi ile ilijibu swali ambalo halikuwa limezaliwa bado.

Nidhamu hiyo sasa yahusu uhai wa tembo wenyewe. Tembo wa misituni wa Afrika waliorodheshwa mwaka 2021 kuwa katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Ni vigumu kuwahesabu kwa macho, maana miti huwaficha. Hivyo vinasa sauti hufungwa mitini, kama ilivyofanyika katika hifadhi ya Nouabalé-Ndoki, Kongo-Brazzaville, vikarekodi usiku na mchana. Kompyuta hutafuta migurumo ndani ya rekodi hizo. Lakini rekodi hizo hizo zina mlio wa bunduki. Chombo kilichopangwa kunasa sauti nene za tembo pekee kingetuambia kwamba tembo wamepungua. Chombo kilichonasa kwa upana kinatuambia pia lini na wapi risasi zilipigwa.

Jaribio la darasani

Mwalimu mwenye kompyuta moja na programu yoyote ya bure ya kurekodi na kuchora sauti aweza kuyaonyesha haya kwa kipindi kimoja. Mwanafunzi mmoja aimbe noti moja mfululizo kwa sekunde tano, kisha apige makofi matatu ya haraka. Rekodi ihifadhiwe bila kubanwa, na nakala yake iwekwe kando, isiguswe.

Kwanza, irudishwe kwa kasi maradufu. Darasa litasikia noti ikipanda kwa oktavi moja, na muda ukipungua kwa nusu. Pili, ichorwe spektrogramu kwa dirisha kubwa, tuseme sampuli 8,192. Noti itakuwa mistari myembamba, lakini makofi yatavurugika na kuwa wingu moja. Tatu, ichorwe kwa dirisha la sampuli 256. Sasa makofi yatasimama kama nguzo tatu, na mistari ya noti itavimba. Wanafunzi waulizwe: Mchoro upi ni wa kweli? Jibu ni kwamba yote miwili ni ya kweli, na kila mmoja una upofu wake. Nne, likatwe kila kilicho chini ya hezi 300, na wanafunzi wasikilize kilichobaki. Tano, ifunguliwe tena nakala ya asili, wathibitishe kwamba haikupotea.

Wakati wote huo mmoja wao aandike katika daftari: tarehe na mahali, aina ya maikrofoni, sampuli kwa sekunde, ukuzaji, na machujio ya wakati wa kurekodi. Na kwa kila mchoro: kasi, chujio na dirisha vilivyotumika. Mchoro usio na maelezo hayo ni kama kipimo kisicho na yunithi.

Kama simu ndiyo chombo pekee kilichopo, ijulikane kwamba simu nyingi hupunguza sauti nene na kusafisha kelele zenyewe, bila kuulizwa. Yafaa kwa jaribio hili, lakini mtafiti wa tembo asiitegemee.

Kama tembo wa Portland walivyokuwa wakingurumia ukuta, tembo wa Afrika nao walikuwa wakingurumia wawindaji, wafugaji na wanasayansi kwa karne nyingi, na sehemu ya migurumo hiyo ilikuwa ukimya masikioni mwao. Kabla ya kuandika katika ripoti yako kwamba hapana kitu, rudi kwenye rekodi ghafi, badili mpangilio mmoja, na usikilize tena.